Mazungumzo na Vijana: Kiti cha Msaidizi



Kijana akiisha kupata hati yake ya shule, mara nyingi hutazama kiti kimoja tu, kiti cha mkubwa. Kiti cha msaidizi hakitaki. Naye akipewa, hukikalia upande upande, kama mtu aliye karibu kuondoka. Lakini wazee walisema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Juma hili twataka kuwaonyesha mtu aliyeinama miaka 17, na kazi yake ilikuwa kufundisha mpira.

Mpira huo si wetu wa miguu. Watu wa Marekani wana mchezo wao. Mpira wao una umbo la yai lenye ncha mbili, nao huchukuliwa mikononi. Wachezaji 11 wa kila upande hupigania ardhi: wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10; wakishindwa, mpira huwa wa wenzao. Vyuo Vikuu vya huko vina timu zao, na siku ya Jumamosi uwanja mmoja waweza kujaa watu 100,000. Mwalimu mkuu wa timu kubwa hulipwa mamilioni ya dola kila mwaka. Basi si ajabu vijana wakikitamani kiti chake.

Njia ya kukifikia huanzia chini kabisa. Kijana aliyemaliza masomo yake ya kwanza hupokewa kuwa mwanafunzi msaidizi. Chuo humlipia karo ya masomo ya juu na kumpa posho ndogo. Saa za darasa ni za vitabu. Saa nyingine zote, hata za usiku, ni za waalimu wake. Hutazama filamu za michezo ya wapinzani na kuandika kila hatua yao. Huchora mipango yao kwenye kadi, ili wachezaji wa akiba waiige siku ya mazoezi. Hutumwa huku na huku. Timu ikishinda, husifiwa mkubwa. Jina la kijana halitajwi.

Nick Saban aliingia kwa mlango huo mwaka 1973. Alizaliwa mwaka 1951 katika West Virginia, nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa na kituo cha petroli, tena alifundisha watoto wa pale mchezo wa mpira. Nick aliosha motokari za wateja, na baba akiona mstari mmoja wa maji umebaki juu ya rangi, motokari ile ilioshwa tena. Mtoto alizichukia sana motokari nyeusi, maana hizo hazifichi uzembe.

Alicheza mpira katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Alipomaliza masomo, hakufikiri kuwa mwalimu. Alitamani biashara ya motokari. Lakini mkewe Terry alikuwa bado mwanafunzi, na mwalimu mkuu, Don James, akamwalika Nick awe msaidizi. Akakubali ili amngojee mkewe tu. Mwaka ule ule baba yake akafa ghafula kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 46. Kazi ile ya kungojea ikawa kazi ya maisha.

Sasa hesabuni pamoja nasi. Alikaa Kent hadi 1976. Mwaka 1977 alikuwa Syracuse. 1978 na 1979, West Virginia. 1980 na 1981, Ohio State. Huko alifukuzwa pamoja na waalimu wengine wa ulinzi. Mwaka 1982 akawa katika chuo cha maofisa wa jeshi la majini. Toka 1983 hadi 1987, Michigan State. Kisha miaka 2 Houston, kwa wachezaji wa kulipwa. Mara sita alifungua mizigo katika mji mpya, na kila mara mkewe alianza upya kutafuta nyumba na majirani. Katika kazi hii mshahara hutegemea miguu ya vijana wenye miaka 20, na msaidizi huweza kufukuzwa kwa kosa ambalo si lake. Anayeisifu kazi hii bila kutaja machozi ya nyumbani hasemi ukweli wote.

Mwaka 1990 ndipo alipokuwa mwalimu mkuu, katika Chuo Kikuu cha Toledo. Timu yake ilishinda mara 9 na kushindwa mara 2. Je, alitulia katika kiti kile? La. Mwaka uliofuata alirudi kuwa msaidizi, Cleveland, chini ya Bill Belichick, akakaa miaka 4. Wengi wangeona aibu kushuka hivi. Yeye alikwenda kujifunza. Baadaye timu zake zilitwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara 7: moja Louisiana, msimu wa 2003, na 6 Alabama, kabla ya kustaafu mwezi wa Januari 2024.

Hatumfanyi malaika. Mwezi wa Desemba 2006, akiwa mwalimu mkuu huko Miami, alisema wazi kwamba hatakwenda Alabama. Siku chache baadaye, Januari 2007, akaenda. Watu wa Miami hawakusahau. Ustadi hauwezi kulipa deni la neno lililovunjwa.

Tumtaje na mwanafunzi wake mmoja, Kirby Smart. Mwaka 2001 Smart aliongoza ulinzi wa timu ya chuo kidogo, Valdosta State. Mwaka 2002 alikiacha cheo hicho akawa mwanafunzi msaidizi katika Florida State, kwenye zile kadi na filamu. Kisha alimtumikia Saban miaka mingi, mpaka alipopewa timu ya Georgia, mwishoni mwa 2015. Januari 2022, katika mchezo wa kuamua bingwa, Georgia waliwashinda Alabama, 33 kwa 18. Mwanafunzi alimshinda mwalimu kwa yale aliyojifunza kwake.

Vijana wetu, si kila aliyeinama hupata cha mvunguni. Wako wasaidizi wengi ambao hawakufika juu, na kazi yao ilikuwa ya heshima vilevile. Ukipewa leo kazi ya pili au ya kumi, usiulize kwanza lini utapanda. Uliza kama motokari uliyoiosha imebaki na mstari.

Nanyi wazazi, msimcheke mtoto wenu anayeanza chini. Ila mkumbusheni jambo moja: kila anapohama kufuata cheo, asimsahau anayefunga mizigo pamoja naye.