Tunawashangilia wazazi wa Maryland, mkutano wetu hatuendi



Ndugu zangu katika imani, kuna klipu moja nimeletewa mara tisa. Wengine mmenitumia mimi binafsi, wengine mmeiweka kwenye grupu la msikiti. Msemaji anasema Mahakama ya Juu ya Marekani imepiga marufuku vitabu vya ushoga mashuleni, na chini yake mmejaza takbir na dua za kumwombea Trump umri mrefu. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka nisome kwanza.

Kilichotokea ni hiki. Katika jimbo la Maryland, jirani na Washington, kuna wilaya inaitwa Montgomery. Mwaka 2022 bodi ya elimu ya wilaya hiyo iliingiza madarasani, hata kwa watoto wadogo kabisa, vitabu vya hadithi vyenye mambo ya mapenzi ya jinsia moja na kubadili jinsia. Mwanzoni mzazi asiyeridhika aliruhusiwa kumtoa mwanawe darasani vikisomwa. Machi 2023 ruhusa hiyo ikafutwa. Wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakafungua kesi pamoja, na kesi yenyewe imebeba jina la Muislamu, Mahmoud. Walishindwa mahakama ya kwanza, wakashindwa ya rufaa, wakapanda juu. Tarehe 27 Juni 2025 majaji sita dhidi ya watatu wakaamua kwamba, wakati kesi ikiendelea, wazazi wapewe taarifa mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao. Basi. Mahakama haikupiga marufuku kitabu hata kimoja. Suratul Hujurat imetuamrisha tuhakiki habari kabla ya kuifanyia kazi, na sijaona mahali iliposamehe habari inayotufurahisha.

Majaji wale sita wote waliteuliwa na marais wa chama cha Republican, watatu kati yao na Trump mwenyewe. Kwa hiyo anayesema wahafidhina wa Marekani wamewafaa Waislamu katika hili simpingi. Tumeamrishwa uadilifu hata kwa watu tusiopatana nao, na katika malezi mimi niko pamoja na wazazi wale.

Lakini ndugu yangu, kushukuru kwa jambo moja kusikufanye ukabidhi moyo wote. Mahakama hiyohiyo, Juni 2018, ilimruhusu Trump kuwazuia kuingia kwao watu wa nchi ambazo nyingi ni za Waislamu, Somalia na Yemen zikiwemo. Desemba 2017 aliitambua Quds kuwa mji mkuu wa Israel. Januari 2020 akaitoa Tanzania yetu kwenye bahati nasibu ya viza. Na msije mkakimbilia kwa wale wa upande wa pili, maana mabomu yaliyoshuka Gaza yalianza kupelekwa na Biden wa Democratic kabla huyu hajarudi madarakani. Wanasiasa wa kule wanapiga hesabu za kura za kule. Sisi hatumo.

Tena kuna hili ambalo klipu hazisemi. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri kwamba serikali yake inatambua jinsia mbili tu, nanyi mkashangilia. Siku hiyohiyo alisaini nyingine ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na baadaye shirika la USAID likavunjwa. Kwa watu wa Ruvuma hiyo si habari ya mbali. Mradi wa Tusome Pamoja ulioanza 2016, na Jifunze Uelewe uliofuata, iliyofika mkoani kwetu kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini kusoma, fedha zake zilitoka kwa shirika hilo. Sisemi tulie. Mali ni yao na wana haki ya kuizuia. Nauliza tu, sasa nani anakaa na mtoto wa darasa la pili akiwa anababaika na silabi?

Nauliza kwa uchungu, kwa sababu limenikuta. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu. Juz Amma anaisoma kwa moyo, mashallah, watu husimama kumsikiliza. Siku moja miwani ilinipotea nikampa simu anisomee ujumbe wa Kiswahili, mistari miwili. Akaishika, akaitazama, akaanza kulia. Mimi ni imamu, nimesoma madrasa na sekondari, na miaka mitatu sikuwa nimefungua daftari lake.

Wazazi wa Montgomery nawaheshimu kwa hili zaidi kuliko kwa ushindi wao: walijua mtoto anasomeshwa kitabu gani, wakahudhuria vikao, wakasema. Kwetu, Februari 2023 Waziri Mkenda alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa sababu ya maadili. Tulifurahi sana. Lakini ni baba yupi hapa Nakapanya aliyekuwa amekwenda shuleni kuuliza kuna vitabu gani? Tangu elimu bila malipo ianze 2016 tumejifanya mtoto ni wa serikali, sisi tunamlisha tu. Ukienda mkutano wa wazazi utawakuta kina mama kwenye madawati na wanaume watatu mlangoni wakitazama saa. Hata kipindi cha dini shuleni mwalimu mkuu aliwahi kutuomba mwalimu wa Kiislamu, tukamwitikia vizuri, kisha tukanyamaza. Likizo ikifika, jando tunachanga, mbuzi wanachinjwa, muziki unakodiwa kutoka mbali. Jando silipingi, ni mila zetu na lina sunna ndani yake. Ila fedha zipo, tusidanganyane, hasa korosho zikishauzwa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ataulizwa juu ya wale aliokabidhiwa. Hao ni watoto wa nyumbani kwako.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Nimemwomba mwalimu mkuu atuonyeshe vitabu vyote vya darasa la kwanza hadi la nne, amekubali. Tutamaliza pia suala la mwalimu wa kipindi cha dini. Vijana wawili wa madrasa wako tayari, kinachotafutwa ni nauli na posho yao. Na kila siku baada ya Alasiri nimetenga nusu saa barazani msikitini kwa watoto wasiojua kusoma Kiswahili. Mjukuu wangu ndiye wa kwanza. Mwenye ubao wa zamani au chaki anitafute.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.