Uvumilivu si Kunyamaza

Mwezi uliopita alitujia kijana mmoja wa parokia yetu hapa Likasi. Alivaa shati alilonunuliwa na mama yake siku alipopata kazi yake ya kwanza. Na kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kabla shati halijapauka. Twaona yafaa kuwasimulia habari yake, wasomaji wapenzi, kwa maana haimhusu yeye peke yake. Jina lake hatulitaji, wala la kampuni iliyomwajiri.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka katika mpango wa mwaka 2003 ulioitwa wa kuacha kazi kwa hiari, baada ya kukaa miezi mingi bila mshahara. Tangu hapo karo ya watoto ilitoka katika beseni la mama, auzaye unga wa mihogo sokoni. Kwa unga huo kijana alisoma ufundi wa umeme, akapata diploma ya Serikali.

Alipoingia kazini hakuna aliyemwambia mkubwa wake ni nani. Asubuhi kapita alimtuma kwenye pampu. Adhuhuri mhandisi alimgombeza kwa kuiacha jenereta. Jioni mtu wa tatu alimwuliza kwa nini hakufagia ghala. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mkataba wa maandishi hakupewa. Mwezi wa kwanza aliambiwa, “Uko katika majaribio.” Mwezi wa nne aliambiwa vivyo hivyo, na mwezi wa nane pia. Mshahara alilipwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa daima ya juma lijalo.

Alipomweleza baba yake, mzee alimjibu, “Vumilia, mwanangu. Kazi ni kazi.” Basi akanyamaza.

Jioni moja mlinzi wa ghala alikuwa mgonjwa. Mkubwa mmoja alimletea kijana daftari atie sahihi kwamba yamepokewa mapipa 10 ya mazutu. Kijana akahesabu, akaona 7. Akauliza. Akajibiwa, “Tia sahihi, mengine yaja kesho.” Akatia. Baada ya majuma mawili mapipa 3 yalitafutwa, yasionekane, na macho yote yakageukia ile sahihi. Akafukuzwa kama mwizi, tena bila kulipwa jasho la miezi miwili.

Ni nani aliyekosa? Kwanza kijana mwenyewe, na alikiri mbele yetu bila kujitetea. Kutia sahihi jambo ambalo macho hayakuliona ni kusema uongo kwa kalamu.

Lakini kosa la wakubwa wake ni zito zaidi. Kazi isiyo na utaratibu ni shule ya uongo: mdogo hujifunza humo kumpendeza aliye karibu, wala si kuitenda kazi vema. Na kumnyima mfanyakazi ujira wake, Mtakatifu Yakobo amelikemea vikali katika sura ya 5 ya barua yake. Papa Leo XIII naye, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alilihesabu kuwa kosa kubwa linalomlilia Mungu. Hata Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yasema kwamba majaribio sharti yaandikwe, wala yasipite miezi 6. Na kwa kibarua asiye na ufundi, mwezi 1. Basi katika mwezi wa nane kijana huyu hakuwa tena katika majaribio yoyote. Yeye hakujua, wala baba yake.

Ndipo tunapofikia kosa la tatu, nalo ni letu sisi tuliomlea. Tulimfundisha katekisimu na hesabu, tukamfundisha na kuvumilia, hatukumfundisha kuuliza. Uvumilivu ni fadhila, lakini si kunyamaza. Bwana wetu mwenyewe, alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu, hakurudisha kofi. Lakini alimwuliza mtumishi yule sababu ya kumpiga. Ulimi wake ulikuwa mpole, wala haukuwa bubu.

Enyi vijana mnaotoka shuleni, siku ya kwanza ya kazi ulizeni kwa adabu: Mkubwa wangu ni nani? Kazi yangu ni ipi? Nitalipwa siku gani? Kuweni na daftari dogo, mwandike tarehe, kazi mliyotumwa, jina la aliyewatuma, na fedha mliyopokea. Mkiona mapipa 7, andikeni 7. Na mkionewa, msiende peke yenu: mwendeeni mjumbe wa chama cha wafanyakazi, au Mkaguzi wa Kazi.

Na ninyi mlio wakubwa wa kazi, ambao wengi wenu twawaona Jumapili kanisani, kumbukeni ya kuwa kijana mnayempokea ametoka katika beseni la mama fulani. Mpeni mkubwa mmoja, amri iliyo wazi, na mshahara kwa siku yake. Hayo hayahitaji mashine mpya.

Juzi baba yule alivaa koti lake la zamani la kiwandani, wakafuatana na mwanawe mpaka kwa Mkaguzi wa Kazi. Neno lao halijaamuliwa bado. Lakini njiani mzee alimwambia, “Mimi nilinyamaza miezi mingi, nikidhani ndiyo subira. Leo nitasema nawe.” Kijana ameahidi kusema kwanza habari ya sahihi yake, ndipo adai ujira wake. Twaona ameanza vema.