Kutu chini ya lori: gharama isiyoandikwa kwenye nauli

WAKATI wasafirishaji wa ukanda huu wakiendelea kulalamikia foleni za mipakani, bei ya dizeli na wingi wa mizani barabarani, ipo gharama nyingine inayokula mtaji wao kimya kimya, na ambayo ni nadra kuiona kwenye mkataba wa mzigo. Gharama hiyo ni kutu inayotafuna chesisi, springi, matangi ya upepo na mabomba ya breki chini ya lori.

Tairi likiisha, dereva huliona. Dizeli ikipanda, mwenye gari hujua siku hiyo hiyo. Kutu haina risiti. Hujulikana siku kishikio cha springi kinapong'oka njiani kati ya Mbeya na Tunduma, au fundi anapogonga nyundo kwenye chesisi na chuma kikabomoka kama biskuti. Siku hiyo lawama hupewa barabara.

Kwa mtazamo wa kiuchumi, swali ni nani anaisababisha kutu hiyo na nani anailipia. Ukiangalia aina ya mizigo inayotoka bandari za Dar es Salaam na Mombasa kwenda nchi jirani, utaona kuwa sehemu kubwa ya tatizo huletwa na shehena yenyewe na siku nyingi za kusubiri, lakini hasara yote huangukia kwa mwenye lori.

Shehena zinazokula chuma

Kutu huhitaji chuma, hewa na maji. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaofanya chuma kiliwe. Aidha, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo chuma hubaki kimelowa hata siku ambazo mvua hainyeshi. Ndiyo maana lori linalolala pwani huoza haraka kuliko linalolala Dodoma.

Chumvi haitoki kwenye upepo wa bahari pekee. Mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi nchini Kenya, hupeleka bidhaa hiyo hadi Uganda na nchi za mbali zaidi. Mfuko mmoja ukipasuka, chembe zake hupenya kwenye mianya ya sakafu ya tela na kutua juu ya ekseli na vyuma vya kushikilia springi. Mbolea nayo si mzigo mpole. Ile ya potashi inayotokana na kloridi ya potasiamu ni aina ya chumvi, na mbolea nyingine nyingi huvuta unyevu na kugeuka uji unaonata kwenye chuma.

Shehena inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni salfa. Migodi ya shaba ya Zambia na ile ya mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba nchini Kongo huihitaji kutengenezea asidi ya kutenganisha shaba na mawe. Sehemu ya salfa hiyo hushuka bandari ya Dar es Salaam na kusafiri kwa malori kupitia Tunduma na Nakonde, na ile ya Kongo kuendelea hadi Kasumbalesa.

Salfa ikiwa kavu haina madhara makubwa kwa chuma. Ikilowa, mambo hubadilika. Salfa yenye maji hushambulia chuma moja kwa moja, na ikikaa muda mrefu, bakteria wa kawaida huigeuza kuwa asidi. Lori lenye turubai lililotoboka, likikaa kwenye foleni ya mpakani wakati wa masika, hugeuka kuwa tangi la asidi linalovuja juu ya chesisi yake lenyewe.

Wenye meli wanalijua hilo zamani. Kabla ya kupakia salfa, ni desturi kupaka kuta za ndani za meli chokaa ili izuie salfa isigusane na chuma na ipunguze makali ya asidi. Baada ya kushusha, meli huoshwa. Kwenye biashara ya makontena pia, kampuni za meli hutoza ada ya usafi kontena likirudishwa chafu. Katika mnyororo huo wote, lori ndilo linalopokea shehena ile ile bila chokaa na bila ada ya kuoshwa.

Mtumba huja na kutu yake

Kwa upande mwingine, malori mengi hufika yakiwa tayari yameanza kuliwa. Nchi za Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia huendesha upande wa kushoto, hivyo Uingereza na Japani ni masoko ya kawaida ya vichwa vilivyotumika. Uingereza humwaga chumvi ya mawe barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Lori lililofanya kazi huko miaka minane au kumi limeoga maji ya chumvi kila msimu wa baridi. Japani hali ni hiyo hiyo kwa magari ya maeneo yenye theluji nyingi, hasa kisiwa cha Hokkaido.

Mnunuzi wa Japani ana nafuu moja. Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada, herufi S huonyesha kutu na herufi C huonyesha chuma kilichokwisha kuliwa. Anayenunua kupitia dalali adai karatasi hiyo kabla ya kutuma fedha, pamoja na picha za chini ya gari.

Rangi nyeusi inayong'aa chini ya lori la zamani si sifa, ni sababu ya kuuliza maswali. Mara nyingi hupulizwa juu ya kutu ili kuificha. Njia rahisi ya kuikagua ni nyundo ndogo na tochi. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, chuma kilichooza hutoa sauti nzito na kumwaga magamba. Sehemu za kugonga kwanza ni vishikio vya springi, vyuma vya kukata kati ya mbavu mbili za chesisi, chini ya betri na matangi, na mahali ambapo mabamba mawili yamelaliana.

Hapo penye mabamba mawili ndipo penye hatari kubwa. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwapo. Ikianza katikati ya mabamba hutanuka, huyapanua, hukunja chuma na kukata ribiti. Ukiona mabamba yamefura, kutu imekuwamo humo kwa muda mrefu.

Sheria ya uzito haijui kutu

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Kwa lori la ekseli sita la kawaida hesabu ni tani 8 mbele, tani 18 kwa ekseli mbili za kati na tani 24 kwa ekseli tatu za tela, jumla tani 50.

Mizani hupima uzito, haipimi unene wa chuma. Chesisi ambayo bamba lake lilitoka kiwandani likiwa na milimita 8 na sasa limebaki na 6, bado itaruhusiwa kubeba tani zile zile.

Fundi wa mtaani hutatua tatizo hilo kwa kuchomelea mabamba ya ziada. Hapo huanza gharama ya pili. Chukua mfano wa hesabu, si bei ya soko: mabamba yenye uzito wa kilo 300, nauli ya dola 100 kwa tani na safari 24 kwa mwaka. Kwa kuwa kikomo cha mizani hakibadiliki, mwenye lori hupoteza nafasi ya kilo 300 za mzigo kila safari, sawa na dola 30. Kwa mwaka ni dola 720, na zitaendelea kupotea kwa maisha yote ya lori.

Hesabu ya kusimama ni nzito zaidi. Lori linalofanya safari moja kila siku 15 na kubakiza faida ya dola 600 hupoteza dola 400 likilala gereji siku 10, kabla ya kununua bamba wala kumlipa fundi. Marejesho ya mkopo wa benki hayasubiri gereji. Kwa mwenye malori 50, hiyo ni hasara ya kawaida. Kwa mwenye lori moja aliloweka nyumba rehani, inaweza kuwa mwisho wa biashara. Bima nayo si kimbilio, kwani kwa kawaida haifidii uchakavu wa taratibu kama kutu.

Aidha, kuchomelea chesisi ovyo kuna hatari zake. Moto hupunguza nguvu ya chuma kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na ndiyo sababu watengenezaji wengi wa malori huweka masharti makali kuhusu mahali pa kuchomelea na kutoboa. Tela lililobeba salfa lisichomelewe kabla ya kuoshwa lote, kwa kuwa vumbi la salfa hushika moto na kutoa moshi wenye sumu. Kopo la breki ya kuegesha lililoliwa na kutu lisifunguliwe kwa patasi wala nyundo. Springi iliyomo ndani ina nguvu ya kuua mtu.

Oili chafu: nafuu yenye bei

Dawa inayopendwa na wengi ni kupuliza oili chafu ya injini chini ya lori. Ni rahisi kupatikana na huzuia maji kwa muda. Hata hivyo, oili hiyo hutoka na masalia ya asidi na vipande vya chuma vya injini, hulainisha na kufurisha bushi za mpira, hukamata vumbi na kutengeneza tope zito, na ikifika kwenye laini za breki huzifanya ziteleze. Inayodondoka huishia kwenye mifereji na visima.

Lami ya kupaka chini ya gari nayo hufaa juu ya chuma kisafi pekee. Ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na kwa nje lori huonekana zima hadi siku linapovunjika.

Kinga inayolipa huanza na maji baridi yasiyo na chumvi. Hapa pana mtego kwa wa pwani. Visima vingi vya Dar es Salaam na Mombasa vina maji ya chumvi, na vioshea magari vinavyotumia maji hayo humrudishia mteja tatizo alilokuja kuliondoa. Kuonja tone moja mdomoni kabla ya kulipa kunatosha kujua. Lori lililoshusha chumvi, mbolea au salfa lioshwe mara tu baada ya kushusha, juu ya chesisi na ndani ya mbavu zake, kisha liendeshwe ili likauke. Kuliegesha likiwa limelowa kwenye tope ni kazi bure.

Hatua ya pili ni kuzibua matundu ya kutolea maji kwenye mbavu za tela na kuondoa tope lililokauka juu ya ekseli. Ya tatu ni kufungua koki za matangi ya upepo kila siku, kwa kuwa maji yaliyomo huoza tangi kutoka ndani mahali ambapo hakuna nyundo itakayofika.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika ya Machi na kabla ya vuli ya Oktoba, sehemu zilizoanza kutu zikwanguliwe kwa brashi ya waya, zipakwe rangi ya msingi yenye zinki na kufuatiwa na rangi ngumu. Ndani ya mbavu na kwenye maungio, ambako brashi haifiki, hufaa mafuta mazito ya nta au ya sufu ya kondoo yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Anayeagiza tela jipya aulize bei ya lililochovywa kwenye zinki ya moto. Bei huwa juu, lakini kwa anayebeba chumvi na mbolea kila wiki, hesabu ya miaka 10 huweza kuwa upande wake.

Nani alipe?

Hatua zote hizo humwacha mwenye lori akilipia uharibifu ulioletwa na mzigo wa mtu mwingine. Kama kampuni ya meli hutoza usafi wa kontena, hakuna sababu ya kibiashara inayomzuia msafirishaji kuandika mambo matatu kwenye mkataba wake: ada ya kuosha kwa kila safari ya shehena inayokula chuma, wajibu wa mwenye mzigo kuhakikisha mifuko au turubai ya kutandika sakafuni, na malipo ya siku za kusubiri yanayopanda kwa shehena hizo.

Kikwazo ni ushindani. Msafirishaji mmoja akiongeza ada peke yake, dalali atampigia simu mwingine. Ndiyo maana suala hili ni la vyama vya wasafirishaji kuliko mtu mmoja mmoja, hasa wanapokaa mezani na migodi na waagizaji wakubwa wa mbolea, ambao nao huumia mzigo unapokwama njiani kwa sababu tela limekatika.

Hadi makubaliano hayo yapatikane, mwenye lori anaweza kuanza na daftari. Andika kila safari aina ya shehena, siku zilizokaa foleni na fedha iliyotumika chini ya gari. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litaonyesha ni mzigo upi unalipa na upi unaokula lori, na wakati wa kujadili nauli, namba zake zitakuwa na nguvu kuliko malalamiko.