Kobe wa Blanding na Madaktari wa Kiangazi

Kila kiangazi, wanafunzi wa tiba ya wanyama wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, huingia vinamasini kumtafuta kobe wa Blanding. Ni kobe wa maji baridi mwenye koo la manjano, na jimbo la Illinois limemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Wakimnasa humpima uzito, humtoa damu kidogo, humpitisha pamba mdomoni ili kutafuta virusi na kuvu, kisha humrudisha palepale alipotoka.

Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ya bure, na hoja yao si nyepesi. Kobe hawa wamepunguzwa na vinamasi vilivyokaushwa kwa ajili ya mashamba na nyumba, na magari yanayowaponda majike wakienda kutaga, na rakuni wanaofukua mayai, na watu wanaowaokota kwenda kuwauza. Daktari hana dawa ya barabara.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho inawaunga mkono wanafunzi. Mwaka 1993 mtafiti Justin Congdon na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa miaka mingi kutoka hifadhi ya E. S. George, Michigan. Jike wa Blanding huanza kutaga akiwa na miaka 14 hadi 20, kwa hiyo vifo vya wakubwa vikiongezeka hata kidogo tu kila mwaka, vifaranga hawawezi kuliziba pengo. Sasa, gari huua kobe mmoja mmoja. Ugonjwa hauna subira hiyo. Februari 2015, katika Mto Bellinger huko Australia, kobe wa aina isiyopatikana kwingine duniani walianza kuokotwa wakiwa wamekonda na macho yamevimba. Katika muda wa wiki chache virusi ambavyo sayansi haikuwa imevijua vilikuwa vimefagia karibu wakubwa wote. Mto ulikuwepo, maji yalikuwepo, kobe hawakuwepo.

Mfano wa jimbo la Washington unaniuma zaidi. Mwaka 1990 kobe wa bwawani wa jimbo hilo walikuwa wamebaki wapatao 150. Vifaranga wakalelewa katika bustani za wanyama hadi wakapata ukubwa wa kujihami, wakarudishwa mabwawani, idadi ikapanda. Kisha magamba yakaanza kuoza. Kuvu inayohusishwa na ugonjwa huo, Emydomyces testavorans, ilielezwa kisayansi mwaka 2019 tu, na imeshaonekana kwa kobe wa Blanding wa Illinois pia. Huko Illinois, wilaya ya DuPage imekuwa ikilea na kuachia vifaranga tangu 1996. Kuachia kobe usiyejua afya yake, wala afya ya bwawa anakokwenda, ni kubahatisha na kizazi kizima.

Kwa hiyo sina shaka na kazi yenyewe. Shaka yangu ni juu ya namna inavyopangwa. Mara nyingi posho ya mwanafunzi wa kiangazi hutolewa kama fedha ya mafunzo: miezi mitatu, bango moja la kuonyesha matokeo, kwaheri. Kobe haishi kwa kalenda hiyo. Katika hifadhi ileile ya Michigan, jike aliyetiwa alama mwaka 1954 alinaswa tena 2016 akiwa na umri wa miaka 83 au zaidi. Hesabu ya chembe nyeupe za damu ya kobe leo haisemi lolote mpaka iwekwe karibu na hesabu ya miaka iliyopita, iliyochukuliwa kwa njia ileile, katika bwawa lilelile. Na kuna hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha: buti na nyavu zisizosafishwa kwa dawa huweza kubeba vijidudu kutoka kinamasi hadi kinamasi. Kila kundi jipya la wanafunzi lisilosimamiwa na mtu mzoefu ni nafasi nyingine ya kosa hilo kutokea.

Chuo kinachotaka kupeleka wanafunzi vinamasini kitenge kwanza fedha za friza ya sampuli itakayotunzwa kwa miongo, na mshahara wa mtu mmoja wa kudumu anayewajua kobe kwa alama zao na kuilinda kanuni ya usafi. Posho za wanafunzi zifuate baada ya hapo, hata kama mwaka wa kwanza zitatosha wawili tu.