Mbwa Safi Asiye na Cheti Auzwe kwa Bei Gani?

Mama mmoja anayekaanga samaki pale Feri ametuandikia akiomba ushauri. Yeye na mumewe, ambaye ni mlinzi, wanaishi nyumba ya uani huko Upanga. Mpangaji aliyekuwa nyumba kubwa alipohama nchi aliwaachia jike la German Shepherd bila karatasi yoyote. Jike huyo alipandwa na dume la aina hiyo hiyo la nyumba ya jirani, akazaa watoto sita, ambao sasa wana wiki saba. Dalali mmoja wa Kariakoo anataka kuwachukua wote kwa shilingi 50,000 kila mmoja, akisema mbwa asiye na cheti ni koko tu, tena masikio yao yameanguka. Jirani naye anamshauri adai 900,000, bei aliyoisikia ikitajwa kwa mbwa mwenye cheti kutoka Nairobi, na amwambie mnunuzi kwamba cheti "kinakuja". Fedha hizo zinangojewa na binti yao, ambaye ada yake ya chuo haijakamilika.

Tuanze na dalali, kwa kuwa huyo ana haraka. Masikio ya German Shepherd wa wiki saba huwa yameanguka. Kwa kawaida husimama kati ya mwezi wa tatu na wa sita, wakati meno ya utoto yanapong'oka. Anayefanya biashara ya mbwa bila kulijua jambo hilo hafai kupanga bei, na kama analijua, basi mama, unaona mwenyewe.

Cheti cha ukoo ni ushuhuda wa wazazi na mababu wa mbwa. Hakimfanyi mbwa kuwa safi. Chama cha mbwa cha Uingereza kilianzishwa London mwaka 1873, na daftari la German Shepherd lilifunguliwa huko Ujerumani mwaka 1899 na kapteni mmoja, Max von Stephanitz. Mbwa wa kwanza kuandikwa humo, Horand, alinunuliwa kwa kutazamwa umbo na tabia. Hata mbwa wa jirani zetu wa Kongo, yule asiyebweka ambaye Wazungu humwita Basenji, amekuwa mbwa wa wawindaji wa msituni bila karatasi tangu zamani za kale. Wamarekani walisafiri hadi Zaire mwaka 1987 na 1988 kuwatafuta, na mwaka 1990 chama chao kikakubali kuwaandika mbwa hao, ambao wazazi wao hawakuandikwa popote.

Lakini msimkimbilie jirani kwa furaha. Kwetu Afrika Mashariki chama kinachojulikana ni East Africa Kennel Club cha Nairobi, na kanuni ya vyama vya namna hii ni kwamba mtoto huandikwa iwapo baba na mama wote wameandikwa. Jike wako hana karatasi, kwa hiyo cheti cha watoto hakiji leo wala kesho. Kusema kinakuja ni kuuza kitu ambacho hakipo. Tena wengi huchanganya kadi ya chanjo na cheti cha ukoo. Kadi ya daktari wa mifugo inaonyesha sindano alizochomwa mbwa. Haisemi babu yake ni nani.

Sasa hesabu. Umetuambia kwamba dagaa, unga, dawa ya minyoo na chanjo ya kwanza vimekula 360,000. Ukigawa kwa sita ni 60,000 kila mtoto. Ila hujasema kama mmemalizana na mwenye dume. Desturi ya wengi ni kumpa mtoto mmoja wa kuchagua, au fedha. Kama atachukua mmoja, umebaki na watano, na gharama ya kila mmoja ni 72,000. Dalali anakutaka uuze kwa hasara, kisha yeye akauze kwa faida.

Ili kupata bei ya juu, jiulize mnunuzi anakosa nini kwa kukosa cheti. Anayetaka kuzalisha na kuuza mbwa wenye vyeti anakosa karibu yote, na huyo si mteja wako, usipoteze muda naye. Aliyejenga Kigamboni akazungushia ukuta, anayetaka mbwa wa kulinda usiku, anakosa kidogo: hawajui mababu, na hajui kama katika ukoo huo yamo maradhi ya nyonga yanayowasumbua sana mbwa wa aina hii. Huyo mwonyeshe mama yao akitembea na kukimbia. Mpeleke pia akamwone dume, au angalau picha yake. Kwa maoni yetu, ikiwa bei ya wenye cheti ni hiyo uliyoisikia, anza na 300,000 na usishuke chini ya 200,000. Kabla ya hapo ulizia kliniki ya mifugo wenzako wanauza kwa kiasi gani, maana bei za mjini hubadilika. Wala usimtafute mnunuzi katikati ya Kariakoo, ambako familia hupanga vyumba na majirani wengi Waislamu wanajiepusha na mate ya mbwa. Wateja wako wanapita mbele yako kila jioni wakisubiri kivuko na samaki wao mkononi.

Usiwatoe kabla ya wiki nane. Chanjo ya kichaa cha mbwa huchomwa wakifikisha miezi mitatu, na hilo mwambie mnunuzi ili alitimize. Andika karatasi ya mauzo kwa mkono wako: tarehe ya kuzaliwa, aina ya mama na baba, chanjo iliyotolewa, na maneno wazi kwamba hakuna cheti cha ukoo. Wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Umeuliza pia kama fedha ya mbwa inafaa kutolewa zaka, kwa sababu ya Kumbukumbu la Torati 23:18. Soma na aya ya 17 iliyotangulia. Wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba "mbwa" wa hapo ni mwanamume aliyefanya ukahaba katika mahekalu ya kipagani. Mnyama uliyemlisha kwa jasho la kikaangio chako hayumo katika katazo hilo, nawe toa zaka kama ungetoa ya kuku.

Amebaki yule mdogo mwenye uvimbe laini kitovuni. Huenda ni ngiri. Mara nyingine hujifunga yenyewe akikua, mara nyingine huhitaji kushonwa. Mpeleke kwa daktari kwanza, umwonyeshe mnunuzi uvimbe huo kabla hajautafuta, na upunguze bei kwa kiasi cha gharama ya kumshona. Mwenye dume akija kuchagua, naye mwonyeshe.