KILA KITU CHA OKTOBA NI HARAMU? TUULIZANE, NDUGU WAISLAMU



Ndugu yangu unayeishi London, na wewe jamaa wa Unguja, Mombasa au Lamu unayetaka kujua wajukuu zako wanalelewa vipi huku, leo maneno yangu yana ukali kidogo. Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanijibu.

Kila ikifika mwisho wa Septemba, majani ya miti yakianza kugeuka rangi, kuna sauti inaanza kuzunguka katika makundi yetu ya WhatsApp. Wengi mnaijua. Mtu anazungumza kwa hasira, hasemi yeye ni nani wala amesoma kwa nani, na anatoa hukumu moja kwa kila kinachofanyika katika mji huu mpaka Desemba. Halloween haramu. Fataki haramu. Makumbusho haramu kwa sababu mna masanamu. Mwezi wa historia ya watu weusi ni bid'a. Kusikiliza mhadhara wa asiyekuwa Muislamu ni kuiuza imani. Na mwisho anaamrisha: wafungieni watoto wenu ndani.

Basi baba anatii. Likizo ya wiki moja ya Oktoba watoto wanaimaliza sebuleni, pazia limeteremshwa, kila mmoja na simu yake. Nakuuliza wewe uliyeisambaza ile sauti: ndani ya ile simu mna nini? Unajua? Halloween uliyoifungia mlango imeingia kwa kupitia kioo cha simu, tena imeingia na jamaa zake walio wabaya kuliko yeye. Umemwepusha mwanao na zulia la msikiti lililotundikwa makumbusho, ukamwacha na mtu asiyemjua anayemfundisha mambo usiku wa manane. Hiyo ndiyo ghera ya dini?

Dini yetu ina utaratibu wa kuuliza kabla ya kuhukumu. Katika Sunan Abi Dawud imo habari ya mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali panapoitwa Buwana. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kuuliza. Mtume hakumwambia moja kwa moja usiende. Aliuliza kwanza kama pale palikuwa na sanamu lililokuwa likiabudiwa zama za ujinga. Akajibiwa hapana. Akauliza kama palikuwa na sikukuu katika sikukuu zao. Akajibiwa hapana. Hapo ndipo alipomwambia atimize nadhiri yake.

Maswali mawili tu. Mbona sisi hatuulizi hata moja? Wanavyuoni wametuwekea msingi kwamba asili ya ibada ni kuzuiliwa mpaka ije dalili, na asili ya mambo ya ada na maisha ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Mwenye ile sauti ameupindua msingi huo juu chini, na sisi tunamsambazia.

Haya, tuyapime kwa mizani hiyo. Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, mizizi yake ni mkesha wa sikukuu ya watakatifu wa Kikristo, na nyuma yake sikukuu ya kipagani ya Waselti ya kuingia majira ya baridi. Mambo yake ni mizuka, wachawi na wafu. Hiyo haina mjadala kwangu. Usimvishe mwanao nguo za mchawi ukasema ni utamaduni tu, kisha kesho yake ukamsomea Falaq na Nasi kumkinga na uchawi. Mtoto ana akili, atakuuliza unaamini lipi. Lakini hata hapo, jirani akigonga mlango na kitoto chake, fungua kwa uso mkunjufu. Nimesikia wanaozima taa na kujificha kama wanaodaiwa kodi. Sema kwa upole kwamba sisi hatuisherehekei. Yamekwisha.

Diwali ni ibada ya Wahindu. Hatushiriki, na hatumtukani jirani anayewasha taa zake. Tarehe 5 Novemba wanakumbuka njama ya mwaka 1605, watu waliotaka kulipua Bunge kwa baruti, na Guy Fawkes akakamatwa nayo. Asili yake ni ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki, na mpaka leo wapo wanaochoma sanamu la mtu. Sioni Muislamu ana haja gani ya kutia fedha yake katika moto ule. Ukichungulia fataki dirishani sitakuandikia dhambi, mimi si malaika wa bega la kushoto.

Sasa tuje penye maneno.

Makumbusho ya Victoria and Albert, pale South Kensington, huingii kwa tiketi. Ndani yake mna zulia la Ardabil, lililofumwa Iran mwaka 946 wa Hijria, urefu wake kupita mita 10, na jina la Maqsud Kashani limefumwa humo humo. Maktaba ya Uingereza ina msahafu wa juzuu saba ulioandikwa Cairo kati ya mwaka 1304 na 1306 kwa maandishi ya dhahabu. British Museum, tangu 2018, ina ukumbi mzima wa ulimwengu wa Kiislamu. Huko nako kuingia ni bure. Mzungu anatoka Japani na Brazil kuja kuvitazama. Mtoto wako anakaa vituo vinane vya treni na hajawahi kuviona, kwa sababu umeambiwa mna masanamu. Yapo, naam. Nani anayaabudu pale? Masahaba waliifungua Misri, na masanamu ya Mafirauni yamesimama mpaka leo. Pita, mwambie mwanao hawa walijiita miungu na sasa wamewekewa kioo na mlinzi wa kuwalinda wasiibwe. Hayo si mafunzo ya tauhidi?

Tena iko hii inayoniuma zaidi. Chuo cha SOAS, karibu na Russell Square, kinahifadhi miswada ya tenzi zetu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Baadhi yake iliandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, ambaye Wazungu kama William Hichens na Alice Werner walimtegemea kwa kazi hiyo. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, wasia wa mama kwa binti yake, ulichapishwa na hao hao wawili hapa Uingereza mwaka 1934. Maneno ya mama wa Kiislamu wa Pate yako hapa mjini, na binti zetu wa London hawajui kama yapo. Wanaojua ni wanafunzi wa Kijerumani na Kijapani waliojifunza Kiswahili wakubwa. Halafu tunakaa vikao kulalamika kwamba watoto hawana asili.

Ama mihadhara, mji huu umejaa. Chuo cha Gresham kinatoa mihadhara ya bure kwa kila mtu tangu mwaka 1597. Mtu anakaa saa nzima kusikiliza habari za nyota, za maradhi, za sheria. Sisi ndio tuliokuwa na darasa baina ya Magharibi na Isha, mzee mmoja na kitabu kimoja, watoto chini ya jamvi. Leo darasa langu la Alhamisi likipita dakika ishirini naona watu wanatazama saa. Usiniambie mhadhara wa kafiri unakupotezea imani ikiwa mhadhara wa imamu wako huuwezi.

Nije kwenye mwezi wa historia ya watu weusi. Hapa Uingereza ulianza 1987, kwa juhudi za Akyaaba Addai-Sebo, mwana wa Ghana. Si ibada, si sikukuu ya dini. Shuleni, kwenye maktaba za mitaa, watu wanazungumza juu ya Afrika na utumwa. Na hapa wazazi wengi wanauogopa kwa sababu wasiyoisema. Nitaisema mimi. Wanaogopa mtoto atarudi na swali: baba, ni kweli Waislamu walikuwa wakiuza watu Zanzibar?

Ni kweli. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, wakati wa Sayyid Barghash, tena kwa shindikizo la Waingereza, na pale Mkunazini lilipokuwa sasa pana kanisa. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1897. Waliouza walikuwamo wanaosali, na walionunuliwa wengine walikufa wakiwa Waislamu. Ukimdanganya mwanao akaja kuyajua kwa mwengine, hatakuamini tena katika hilo wala katika sala. Mwambie ukweli, kisha mwambie na mengine ambayo huyo mhadhiri pengine hatayasema: kwamba Qur'ani imeufanya ukombozi wa mtumwa kuwa kafara na njia ya kheri, kwamba Bilal (r.a.) alipanda juu ya Al-Kaaba kuadhini mbele ya mabwana wa Makka, na kwamba waliofanya biashara ile pwani yetu waliyaacha mafundisho haya wakafuata faida. Lakini utayasema saa ngapi kama hukwenda? Kaa naye kiti cha pili. Swali lizaliwe wewe ukiwepo.

Na tarehe 11 Novemba, wakivaa maua mekundu, mwambie pia kwamba katika vita vile vya 1914 hadi 1918 wapagazi wa Afrika Mashariki walibeba mizigo ya majeshi mpaka wakafa njiani kwa maelfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Hayo hutayasikia sana kwenye paredi.

Atakayeniambia kutazama michezo ya watu si sunna, namkumbusha Mahabashi waliocheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) siku ya Idi, naye akimsitiri Bi Aisha (r.a.) atazame mpaka yeye mwenyewe achoke. Imo katika Bukhari na Muslim. Na masoko ya Ukadh na Majanna, palipokuwa na biashara, mashairi na majigambo ya Waarabu, Mtume alikwenda kuwalingania watu. Hakuwasubiri nyumbani.

Sharti ni sala. Saa zikirudishwa nyuma mwisho wa Oktoba, Adhuhuri ya London huingia kabla ya saa 6 mchana, Alasiri kwa madhehebu ya Shafi saa 8 na dakika chache, na Magharibi kabla ya saa 11 jioni. Matembezi ya mchana mmoja yanabeba sala tatu. Beba mswala, tia udhu nyumbani. Na usiniulize habari ya kukusanya na kupunguza: kutoka Ilford mpaka South Kensington si safari, hata treni zikichelewa.

Jumamosi ya likizo, inshaallah, tunaondoka na watoto wa madrasa baada ya Adhuhuri kwenda kulitazama zulia la Ardabil. Wazazi mje, na khasa wewe mwenye kusambaza sauti, nitakulipia nauli. Chumba kile kina mwanga hafifu ili rangi zisififie, na zulia huwashiwa taa dakika 10 tu, saa kamili na nusu saa. Tukichelewa, tutasubiri gizani.

Wallahu a'lam.