MDOLI ASIYEKUNJA GOTI NI GOGO TU!

Haya washikaji, wiki hii tuko Mpanda na tunaongelea wadoli. Usicheke! Sisemi wale wa plastiki wa dukani wenye nywele za njano. Nasema mdoli wa kutengeneza mwenyewe, anayeinua mkono na kubaki vilevile mpaka wewe uamue kuushusha.

Siri iko ndani, kwenye mifupa ya chuma. Yule King Kong wa filamu ya 1933, ukimvua manyoya (tena ya sungura!) unakuta vyuma vyenye viungo, na kimo chake hata mita moja hakifiki. Dunia nzima ilipiga kelele sinema kwa ajili ya kitu kinachokaa mezani. Hata kwetu si mambo mageni. Wasukuma, ambao Katavi wako tele, kwenye mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu walichezesha sanamu za mbao zenye mikono ya kuvutwa kwa kamba.

Sasa vijana wengi wanachukua waya wa kufungia nondo, wanausokota, wanauzungushia matambara, wanaingia sokoni. Siku ya kwanza bomba! Wiki ya pili mguu chini, na mama mtoto anakuja juu anataka hela yake. Waya ukiukunja palepale kila siku unachoka, na hata uwe mnene vipi utakatikia palepale gotini. Kwa mgongo na shingo sawa, maana havikunjwi sana. Kwa goti na kiwiko, hapana bwana.

Nenda kwa fundi baiskeli, omba spoki mbovu. Hizo ndizo mapaja na mikono. Kunja ncha ya kila moja kwa koleo iwe kitanzi, kutanisha vitanzi viwili, pitisha bolti ndogo ya redio iliyokufa, weka washa na kipande cha tyubu kuukuu katikati, kisha kaza nati. Juu ya nati ya kwanza weka ya pili, la sivyo mtoto akicheza siku tatu yote yamelegea. Ule mpira ndio unafanya kiungo kigome kidogo. Dogo mmoja wa kijiweni alinionyesha miguu ya cheni ya baiskeli. Ilikunjika vizuri ajabu, ila haikusimama, maana cheni kazi yake ni kuteleza.

Na usikaze vyote sawa. Bega linabeba mkono mzima, kwa hiyo likazwe kuliko kiwiko. Kifundo cha mguu kinabeba mwili wote, hicho kikaze mpaka ugune.

Halafu kuna ishu ya Katavi yenyewe. Ukikutwa Sitalike, mlangoni kabisa kwa hifadhi, na bunda la waya begani, nani ataamini habari zako za wadoli? Waya huohuo ndio unanyonga nyati na pofu kwenye mitego. Kukutwa na mtego ndani ya hifadhi ni kesi, tena si ndogo. Waya nunua dukani, ukate nyumbani vipande vya shubiri moja, na huko kwa watalii upeleke mdoli aliyekwisha kuvaa nguo. Za simu na za Tanesco ndiyo kabisa usiguse, hata kama umeziokota.

Kule Zambia, jirani na hifadhi ya South Luangwa, waya wa mitego iliyonaswa na askari umegeuzwa mikufu na kuuzwa kwa wageni. Hapa kwetu hifadhi ipo tangu 1974 na viboko wamejaa mto Katuma. Mimi namtaka kiboko mwenye mifupa ya mitego hiyohiyo, aliyopewa fundi kwa karatasi na mhuri. Taya lake linataka bolti moja tu. TANAPA, mnasikia?